Si kila kilichoachwa kimetelekezwa

Mhariri,

Gazeti likiandika "gari lililotelekezwa" au "mfanyakazi aliyetelekeza kazi", msomaji anaona mambo yamekwisha: mwenye gari hana chake tena, na mfanyakazi kajifukuzisha mwenyewe. Kisheria, hapo ndipo mambo yanapoanza. Anayeitwa mtelekezaji kuna kitu anaelekea kukipoteza, iwe mali, ajira, chumba au ndoa, na kwa sababu hiyo anayedai kwamba mwenzake ametelekeza ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Wengi wanaoshindwa kesi za namna hii si waongo. Waliona vumbi, kufuli lililoshika kutu na simu isiyopokelewa, wakaamini kwamba huo ni ushahidi wa kutosha.

Kanuni yenyewe ni fupi. Lazima yakutane mambo mawili: tendo la kuachia, na kusudio la kutorudi. Tendo bila kusudio linaweza kuwa usahaulifu, ugonjwa, kifungo, safari au uvivu. Kusudio bila tendo ni maneno ya hasira. Muda mrefu na ukimya ni dalili. Hakimu atazipima pamoja na nyingine, lakini zenyewe hazitoshi.

Jambo hili ni la kale. Sheria ya Roma chini ya Kaisari Justinian, mwaka 533, ilikwisha kusema kwamba mizigo inayotupwa baharini wakati wa dhoruba ili chombo kisizame haijatelekezwa. Mwenyewe kaitupa ili aokoke, na anayeiokota kwa lengo la kujinufaisha ni mwizi. Hali kadhalika kitu kilichodondoka kutoka kwenye gari linalokwenda bila mwenyewe kujua. Mfano wa dhoruba unafaa hadi leo. Anayekimbia moto, mafuriko au vita akaacha nyumba wazi hajaitelekeza, hata kama majirani wote walimwona akiondoka kwa miguu yake. Wanaoandika habari za majanga wangefanya vizuri kuliweka hili mbele, maana wezi wa mali za wakimbizi hujitetea kwa neno hilohilo wanalolisoma gazetini.

Kusahau nako si kutelekeza. Katika kesi ya Moffatt dhidi ya Kazana, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1968, mtu alikuwa ameficha kopo la bati lenye noti za karibu pauni 2,000 ndani ya dohani ya nyumba yake, kisha akaiuza nyumba bila kulikumbuka. Kopo lilipogunduliwa, mnunuzi alidai kwamba amenunua nyumba na vilivyomo. Wasimamizi wa mirathi ya muuzaji wakashinda. Hakuna kilichoonyesha kwamba marehemu alikusudia kuziachia fedha zake, na mkataba wa kuuza nyumba haukuzitaja. Kwa hiyo anayenunua nyumba na kukuta sanduku juu ya dari ajue kwamba hati ya kiwanja haimpi sanduku. Aandike alichokikuta, apige picha mbele ya shahidi, amwarifu muuzaji kwa maandishi na ampe muda wa kuchukua.

Taka ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Mwaka 1957, katika kesi ya Williams dhidi ya Phillips, wazoataka wa Uingereza walitiwa hatiani kwa wizi baada ya kujichukulia vitu vilivyokuwa kwenye mapipa ya taka. Walijitetea kwamba vilikuwa vimetupwa, havina mwenyewe. Mahakama ikasema mwenye nyumba anapoweka taka kwenye pipa anazikabidhi kwa mamlaka inayozoa. Hajazitupa kwa yeyote apitaye. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya California dhidi ya Greenwood, ikaamua kwamba polisi wanaweza kupekua mifuko ya taka iliyowekwa kando ya barabara bila hati ya upekuzi. Baadhi ya watu huona maamuzi haya mawili yanagongana. Hayagongani. Moja liliuliza taka ni mali ya nani, jingine likauliza kama mtu anaweza kutarajia faragha juu ya kitu alichokiweka barabarani. Mtu anaweza kupoteza faragha akabaki na mali, na anaweza kupoteza mali akabaki na lawama. Wenye ofisi wanaotupa nakala za vitambulisho vya wateja wao bila kuzichana wangekumbuka hilo la pili.

Na kitu kikitelekezwa kweli, kinakuwa cha nani? Cha yule wa kwanza kukitia mkononi akikusudia kukimiliki. Kesi ninayoipenda ni ya mavi ya farasi: Haslem dhidi ya Lockwood, jimbo la Connecticut, Marekani, mwaka 1871. Jioni moja ya Aprili 1869 mdai aliwatuma vijana wake wakusanye mavi yaliyozagaa barabarani. Wakayapiga reki hadi yakawa marundo 18 ya kujaza mikokoteni sita. Akayaacha usiku kucha akisubiri mkokoteni wa kubebea. Kesho yake mdaiwa akaja na mkokoteni wake, akayabeba. Mahakama ikaona kwamba wenye farasi walikwisha kuyatelekeza mavi yale, lakini aliyeyakusanya alikuwa ameyaongezea thamani kwa jasho lake, na alistahili kupewa muda wa kutosha wa kuyaondoa. Kuondoka kwa usiku mmoja kwenda kutafuta chombo hakukuwa kutelekeza. Humo mna somo zima: mavi yaleyale yalitelekezwa na mmoja, na hayakutelekezwa na mwingine, kwa sababu makusudio yao yalikuwa tofauti.

Kwenye maisha ya kila siku, kesi nyingi hutoka kwa mafundi. Mteja kaleta redio, cherehani, pikipiki au nguo ya kushona. Kazi imekwisha, haji kuchukua. Karakana inajaa. Bango ukutani linasema baada ya siku 30 hatuhusiki. Bango hilo lina nguvu ndogo kuliko mafundi wanavyodhani. Linamfunga mteja pale tu alipoliona na kulikubali kabla hajaacha kitu chake. Na hata hapo linamwondolea fundi jukumu la kutunza bure, halimpi umiliki. Kitu kilicholetwa kutengenezwa ni amana. Fundi ana haki ya kukishikilia hadi alipwe ujira wake, lakini haki ya kushikilia na haki ya kuuza ni vitu viwili.

Utaratibu unaomlinda fundi unaanzia siku ya kupokea. Stakabadhi iandikwe kwa nakala mbili: jina la mteja, namba mbili za simu (ya pili iwe ya mtu mwingine), anwani, aina ya kifaa na namba yake ya kiwandani, hali kilivyofika, yaani mikwaruzo, sehemu zinazokosekana na kiasi cha mafuta kama ni chombo cha moto, kazi iliyoagizwa na bei. Chini yake yaandikwe masharti ya kuchukua, na mteja atie saini chini ya masharti hayo hasa, si pembeni. Kazi ikiisha, mteja aarifiwe kwa maandishi kwamba kitu kiko tayari. Akikaa kimya, ilani ya pili itaje kitu chenyewe, deni lililopo, mahali kilipo, tarehe ya mwisho ya kuchukua, na kwamba baada ya hapo kitauzwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1977 kuhusu mali za watu inadai ilani ya kuuza isipungue miezi mitatu pale ambapo anayeshikilia kitu anadai malipo. Nchi nyingine zina muda wao, na fundi aulizie wa kwake kabla hajaita dalali.

Mauzo yenyewe yana mitego. Fundi anayemuuzia shemeji yake kwa bei ya kutupa atalipa tofauti. Anayejiuzia mwenyewe yuko pabaya zaidi. Itafutwe tathmini ya mtu wa nje, iandikwe, kitu kiuzwe mnadani au kwa njia iliyo wazi, deni na gharama za mauzo zikatwe, na kinachobaki kiwekwe kwa jina la mteja. Baki hilo si la fundi hata baada ya mwaka. Kinachowaponza mafundi wengi kuliko yote, hata hivyo, ni kukitumia kitu kabla ya kukiuza: pikipiki inakwenda sokoni kila asubuhi, cherehani inashona, betri ya simu imehamishiwa kwenye simu nyingine. Siku mteja akirudi, utetezi wa kutelekeza hauna maana tena. Fundi anashtakiwa kwa kutumia mali ya amana.

Neno moja kuhusu ujumbe wa simu. Watu wengi siku hizi hutuma ilani kwa WhatsApp, nao ni ushahidi mzuri ukitunzwa. Lakini tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako, haujafika kwake. Nimeona picha za skrini zenye tiki moja zikitolewa mahakamani kwa majigambo. Zinathibitisha kinyume cha zinachokusudiwa: kwamba aliyetuma alijua mwenzake hapatikani na hakujaribu njia nyingine. Tuma pia kwa namba ya pili, peleka barua kwenye anwani iliyoandikwa, na uhifadhi risiti ya posta.

Mpangaji aliyepotea ni tatizo la jinsi hiyohiyo, lakini joto lake kubwa zaidi, maana hapa mwenye nyumba anataka chumba leo. Kodi haijalipwa miezi miwili, taa haziwaki, mlango umefungwa. Mwenye nyumba anavunja kufuli, anatoa vyombo nje, anampangisha mwingine. Wiki mbili baadaye mpangaji anatokea akiwa na karatasi za hospitali, au ametoka rumande, na anadai televisheni, friji, fedha taslimu na vyeti vya shule. Mwenye nyumba anaapa kwamba ndani mlikuwa na godoro na sufuria mbili. Nani ataaminiwa? Aliyevunja kufuli bila orodha na bila shahidi amejivika mzigo ambao hawezi kuutua.

Dalili zenye uzito kwamba mpangaji ameondoka kabisa ni funguo kurudishwa au kuachwa, vitu vya thamani na vya matumizi ya kila siku kuhamishwa, nguo na nyaraka kutokuwepo, kauli yake kwa majirani, au kupanga kwingine. Kodi kuchelewa peke yake ni deni tu. Mwenye nyumba abandike ilani mlangoni na aipige picha ikionyesha tarehe, aitume pia kwa simu na kwa mtu wa karibu aliyetajwa kwenye mkataba, na angoje muda unaowekwa na mkataba au sheria. Akilazimika kufungua, awepo kiongozi wa eneo au shahidi asiye na maslahi, kila kitu kiorodheshwe chumba kwa chumba, na orodha itiwe saini papo hapo. Vitu vihifadhiwe mahali pakavu. Na pale ambapo sheria inataka amri ya mahakama kabla ya kufungua, ilani haichukui nafasi ya amri. Mpangaji naye anayejua kwamba atakuwa mbali aandike mistari miwili tu: nitakuwepo safarini hadi tarehe fulani, vitu vyangu viko ndani. Ujumbe huo unaua hoja ya kutelekeza hata kama kodi haijalipwa.

Kazini ndiko neno hili linakotumiwa vibaya kwa makusudi. Mwajiri anamzuia mfanyakazi getini siku ya Jumatatu, anangoja wiki ipite, kisha anaandika kwamba mfanyakazi "ametelekeza kazi kwa hiari yake" ili asimlipe fidia. Kinachomuumbua ni tarehe. Mtu aliyekusudia kuacha kazi haendi kufungua malalamiko siku ya tatu kwamba amezuiwa kuingia. Ndiyo maana mfanyakazi aliyezuiwa asikae nyumbani kungojea aitwe. Aandike barua siku hiyohiyo kwamba yuko tayari kufanya kazi, aiache mapokezi na nakala yake igongwe muhuri, au aitume kwa njia inayoacha alama.

Kwa upande wa pili, mwajiri mwenye mfanyakazi mtoro kweli asifikiri kwamba mkataba umejifuta wenyewe. Mkataba wa 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema mfanyakazi asiachishwe kwa sababu za mwenendo wake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea, na kwamba kukosekana kazini kwa muda kutokana na ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha. Kiutendaji ni hivi: daftari la mahudhurio litunzwe, apigiwe simu na muda wa kila simu uandikwe, ndugu wa karibu aliyetajwa kwenye faili aulizwe, barua ya kujieleza ipelekwe kwenye anwani ya mwisho inayojulikana, ikitaja siku alizokosa na tarehe ya kikao, kikao kifanyike hata asipotokea, na kumbukumbu ziandikwe, uamuzi utolewe kwa maandishi. Mishahara ya siku alizofanya kazi na likizo aliyoilimbikiza hulipwa, maana alizichuma kabla ya kutoroka. Waajiri wengi hukosea hapo mwisho tu, baada ya kufanya mengine yote vizuri.

Ndoa ina vigezo vinne, na kimoja kikikosekana hakuna kutelekeza: wawili wametengana kimaisha, mmoja amekusudia utengano huo uwe wa kudumu, mwenzake hakuridhia, na aliyeondoka hana sababu ya haki. Anayekimbia kipigo hajamtelekeza mwenzake. Aliyempiga ndiye anayehesabiwa kwamba ametelekeza, ingawa hajatoka hata ukumbini. Sheria inatazama aliyesababisha, haitazami aliyebeba sanduku. Anayekwenda kazi ya mbali kwa makubaliano hajatelekeza siku anayopanda basi, lakini anaweza kuanza kutelekeza huko huko aliko, siku anapoamua kwamba harudi. Kwa hiyo barua au ujumbe unaobadilika sauti, na matumizi yanayokatika ghafla, huwa ushahidi wa tarehe ya kuanza kuhesabu. Kuna nchi zinazotaka miaka miwili mfululizo, nyingine mitatu, na aliyeachwa akikataa wito wa kweli wa kurudiana anaweza kuigeuza kesi ikamwangukia yeye. Nasema wito wa kweli. Ujumbe mmoja uliotumwa na wakili wiki moja kabla ya shauri kusikilizwa haumdanganyi hakimu yeyote.

Je, watu wanaweza kutelekezana chini ya paa moja? Ndiyo, ila ni vigumu kuthibitisha. Katika kesi ya Hopes, iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1949, wanandoa walilala vyumba tofauti na kugombana kila mara, lakini waliendelea kula pamoja. Mahakama ikasema hiyo bado ni kaya moja, ingawa haina furaha. Ingekuwa kaya mbili kama kila mmoja angepika chake, angefua chake na kukaa kwake. Mdai wa namna hii hulazimika kueleza jiko, meza na kamba ya nguo kuliko mapenzi.

Mtoto ni habari nyingine kabisa, na hapa vyombo vya habari huchanganya sana. Mzazi hana umiliki wa kuuacha. Kinachoulizwa ni kama mtoto ameachwa katika hatari na kama mwenye wajibu ameukimbia wajibu wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, ambayo ina ndugu zake katika nchi nyingi, humtia hatiani anayemwacha mtoto wa chini ya miaka miwili katika hali inayohatarisha uhai au afya yake. Kumpeleka mtoto kwa nyanya yake pamoja na nguo na matumizi si kutelekeza. Kumwacha hukohuko kisha kubadilisha namba ya simu kunaweza kuwa. Tofauti iko kwenye matunzo na mawasiliano, haiko kwenye umbali.

Ni hatari pia kutunga sheria ya kutelekeza bila kupima maneno. Marekani, kuanzia Texas mwaka 1999, majimbo yalipitisha sheria za kumruhusu mzazi aliyezidiwa amkabidhi mtoto mchanga mahali salama, kama hospitali, bila kushtakiwa. Nebraska ilichelewa, na sheria yake ilipoanza kutumika Julai 2008 iliandika "mtoto" tu, bila kutaja umri. Ndani ya miezi michache watoto zaidi ya 30 waliachwa hospitalini, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 10, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mchanga wa kuzaliwa. Baba mmoja aliwaacha 9 kwa siku moja. Novemba ya mwaka huohuo Bunge la jimbo likaitwa kwa dharura, likaweka kikomo cha siku 30 tangu kuzaliwa. Mimi siisomi habari ile kama kichekesho cha uandishi mbovu. Ilifichua wazazi waliokuwa wameomba msaada kwa watoto wenye matatizo ya akili na tabia wakakosa mlango wa kugonga.

Mahali pengine sheria imeamua kuliacha kabisa suala la kusudio, na sababu inaeleweka. Mmiliki wa meli anaposhindwa kulipa, hutoweka nyuma ya kampuni zilizosajiliwa kwenye sanduku la posta, na mabaharia hubaki bandarini bila mshahara, chakula wala mafuta ya jenereta. Nani atathibitisha alichokusudia mtu asiyeonekana? Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, kwa marekebisho ya mwaka 2014 yaliyoanza kutumika tarehe 18 Januari 2017, unahesabu tu: baharia ametelekezwa endapo mwenye meli hakulipa gharama za kumrudisha kwao, au amemwacha bila mahitaji ya lazima, au amekata uhusiano naye kwa namna nyingine, ikiwemo kutomlipa mshahara kwa angalau miezi miwili. Meli lazima iwe na dhamana ya fedha inayofidia hadi miezi minne ya mshahara, chakula, maji ya kunywa, matibabu na nauli ya kurudi, na cheti cha dhamana hiyo kibandikwe mahali pa wazi melini. Baharia anayesaini mkataba apige picha ya cheti hicho siku ya kwanza. Siku atakapokihitaji, nahodha huenda amekwisha kushuka.

Ardhi inakwenda kinyume na mali ya mkononi. Katika kesi ya Benn dhidi ya Hardinge ya mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa kwamba haki ya njia, yaani ya kupita kwenye ardhi ya mwingine, imetelekezwa, ingawa haikutumiwa kwa miaka 175. Mwenyewe hakuihitaji, basi. Kutoihitaji si kuikana. Na Pennsylvania, mwaka 1995, wanandoa waliokuwa na kiwanja kisichofaa kujengwa walijaribu kila njia ya kukikimbia ili wasidaiwe ada za jumuiya: waliacha kulipa kodi, walikataa barua, wakaandika tamko la kukiacha. Mahakama ikawaambia kwamba mwenye hati safi hawezi kuitelekeza ardhi. Ujerumani inaruhusu, lakini kwa tamko linalopelekwa ofisi ya usajili na kuandikwa kwenye daftari, kisha serikali ya jimbo ina haki ya kukichukua kiwanja.

Anayepoteza ardhi kwa kuiacha huwa anaipoteza kwa njia nyingine: mtu kaingia bila ruhusa, kakaa waziwazi na mfululizo kwa miaka iliyowekwa na sheria. Hapo mahakama inatazama alichofanya aliyeingia zaidi ya alichoacha mwenye hati. Dawa yake ni rahisi kuliko ukuta. Mpe anayelima au kulinda kibali cha maandishi chenye tarehe, hata kama hatoi senti, maana anayekaa kwa ruhusa hawezi kudai kwamba alikaa kama mwenye mali. Lipa kodi za ardhi na utunze risiti kwa mfuatano. Piga picha za mipaka kila unapofika.

Alama za biashara zina hesabu yake: Marekani, kutoitumia miaka mitatu mfululizo huhesabiwa kuwa dalili ya awali ya kuitelekeza, na mwenye alama ndiye anayelazimika kuieleza. Katika bima ya meli neno linageuka kuwa haki. Mwenye meli iliyoharibika kiasi kwamba kuiokoa kungegharimu kuliko thamani yake humpa kampuni ya bima ilani ya kuitelekeza ili alipwe kama iliyopotea yote. Hili limo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1906.

Mhariri, ombi langu ni dogo. Mwandishi aandike anachokiona: gari limekaa kando ya barabara wiki sita, namba zake bado zipo, magurudumu mawili yameng'olewa. Neno "limetelekezwa" lingoje mwenye gari au mahakama. Namba za usajili zikiwepo, mmiliki anatafutika kwa siku moja.

Na anayetaka kweli kuachana na kitu, afanye kwa karatasi. Gari bovu lifutwe usajili na namba zirudishwe, la sivyo faini, gharama za kuvutwa na ada za maegesho zitamfuata aliyeandikwa kwenye kadi, hata kama aliliacha porini. Mrithi asiyetaka urithi wenye madeni aukatae kwa maandishi, ndani ya muda wa sheria, kabla hajauza hata kiti kimoja. Akishauza, katika nchi nyingi amehesabiwa kuwa ameupokea. Mpangaji akabidhi funguo mkononi na apewe saini. Deni halitelekezeki kwa njia yoyote.

Msomaji wenu,
Mwanasheria